Kaye ya Carolina na wale walioisoma

Mwaka wa kwanza kisha lisansi nilikuwa na kaye moja ya bluu, ya karatasi 200, niliinunua Kadutu. Tulikuwa watatu mu chumba kimoja: mimi wa agronomia, mwenzangu mmoja wa sheria na mwengine wa uchumi. Wote tumemaliza, wote bila kazi. Kila mangaribi nilikuwa naandika: leo nimepeleka barua ngapi za kuomba kazi, mlinzi gani alinifungia mlango, kopo ya Guigoz ya unga wa muhogo inauzwa ngapi, nani kati yetu alijifanya mgonjwa siku ya zamu yake ya kupika. Nilikuwa najiambia kama siandike ili mtu asome. Lakini tuseme ukweli. Kaye ilikuwa inalala juu ya meza, haikuwa chini ya godoro.

Wa sheria njo alianza kuisoma. Sikukasirika kama ilivyofaa. Umeme ukikatika, na munajua namna unakatikaka kwetu, anawasha tochi ya simu na kusoma kwa sauti, majirani wa chumba cha pili wanakuja kukaa mlangoni. Walikuwa wanacheka mpaka machozi. Wakati fulani tulilala njaa siku mbili mfululizo, niliandika kurasa tatu, na hizo tatu zilisomwa hata mara nne. Watu nisiojua majina yao wakaanza kuniuliza njiani: "Yaya, leo umeandika nini?"

Kisha nikapata kazi ya miezi sita kule Kabare, juu ya maharagi ya kukwea fito. Nikaendelea kuandika kila siku: nafasi kati ya mashimo, fito zinatoka wapi, mvua, mama mmoja aliyekataa mbegu zetu. Mwisho wa mwezi nikarudi Bukavu na kaye. Wa sheria akaifungua, akageuza karatasi mbili, tatu, akaifunga.

"Yaya, hii haina utamu. Ile ya njaa njo ilikuwa muzuri."

Hakusema kwa ubaya. Lakini neno hilo lilinikaa. Kumbe walikuwa wanasoma nini? Walikuwa wanasoma mimi, ao walikuwa wanasoma njaa yangu? Na kama ni njaa yangu, walikuwa wanatafuta nini ndani, wakati na wao walikuwa na ya kwao?

Kitabu ninachotaka kuwaambia kilinifikia wakati ule, kwa mkono wa asistenti mmoja wa zamani, bila kifuniko, kurasa za mwisho zimelowa. Kwa Kifaransa kinaitwa Le Dépotoir. Kwa Kireno, lugha ambayo kiliandikwa, ni Quarto de despejo, ni kusema chumba cha kutupia vitu visivyotakiwa tena mu nyumba. Mwandishi ni Carolina Maria de Jesus, mama mweusi wa Brazili, aliyezaliwa 1914 kule Sacramento, mu jimbo la Minas Gerais. Shule alisoma kama miaka miwili tu. Alifika São Paulo, akajijengea kibanda cha mbao Canindé, mtaa wa maskini kandokando ya mto Tietê, akakaa mule na watoto wake watatu, bila mume. Kazi yake ilikuwa kuokota karatasi na vyuma barabarani na kuviuza kwa kilo. Mu zile karatasi, kama anakuta kaye iliyobakia na kurasa nyeupe, hiyo haiuzi. Hiyo anaiandika.

Mu 1958 mwandishi wa gazeti mmoja, Audálio Dantas, alifika Canindé kutafuta habari. Akakuta watu wazima wamekalia bembea zilizowekwa kwa watoto, na mama mmoja anawapigia kelele kama atawatia wote mu kitabu chake. Dantas akauliza: kitabu gani? Akaonyeshwa kaye, nyingi. Vipande vikatoka mu gazeti, na mwezi wa 8 mwaka 1960 vikawa kitabu. Nakala 10.000 za kwanza ziliisha ndani ya siku chache. Kikatafsiriwa mu lugha zaidi ya 10. Ni namna hiyo mama aliyekuwa anapanga mstari asubuhi kwenye robine ya mtaa akawa mtu anayesomwa na watu wasiojua hata Canindé iko upande gani.

Sasa jibu rahisi ni lile kila mtu anatoa. Walisoma kwa huruma. Ao, kama unataka kuwa mkali, walisoma sababu walitaka kuchungulia mu kibanda bila kuvuta harufu. Wenye nyumba kubwa za São Paulo walikuwa wanapita karibu na mto ule kila siku. Kitabu kiliwapa dirisha. Ninakubali nusu ya jibu hilo. Nusu nyingine ninaikatalia, na ninaikatalia kama mtu wa agronomia.

Fungua ukurasa wa kwanza. Ni tarehe 15 ya mwezi wa 7, mwaka 1955, siku ya kuzaliwa ya binti yake Vera Eunice. Mama anataka kumnunulia mtoto viatu. Bei haiwezekani. Anaokota viatu mu takataka, anavifua, anavishona, mtoto anavaa. Hapo hakuna kilio hata kimoja. Kuna tarehe, kuna kitu kilichotakiwa, kuna bei, kuna kilichofanyika. Na kitabu kizima kinaenda hivyo: niliamka saa ngapi, nilichota maji, niliokota kilo ngapi, nilipata kruzeiro ngapi, nilinunua nini, nini kilikosa. Mu fakilte walitufundisha kushika kaye ya shamba namna hiyohiyo. Tarehe, mvua kwa milimita, mbegu, ugonjwa umeonekana kwa mashina mangapi. Profesa wetu alikuwa anakataa neno "nyingi". Nyingi ni ngapi? Carolina hakupita kwa profesa yule, lakini hakuandika "nyingi" bure.

Ndiyo maana, akifika mahali pa kusema kitu kikubwa, unamwamini. Kuna siku mu mwezi wa 5 wa 1958 anaeleza kama njaa ina rangi, na rangi yake ni ya manjano: kabla ya kula aliona mbingu, miti, ndege, vyote vya manjano, na kisha kula vyote vikarudi kawaida. Mwandishi mwengine akiniambia hivyo nitasema anatafuta uzuri wa maneno. Yeye ameshanihesabia kila mkate kwa kurasa nyingi, basi akisema manjano, ni manjano. Tarehe 13 ya mwezi uleule, siku Brazili inakumbuka kufutwa kwa utumwa mu 1888, yeye anaandika kama anapigana na utumwa wa leo, na jina lake ni njaa. Hata hapo neno kubwa limekaa katikati ya mvua, ya watoto wanaoomba chakula, ya mafuta ya kupikia aliyotuma kuomba kwa jirani.

Basi wasomaji wale 10.000 hawakuwa wote wa kuchungulia. Ninaona kama wengine walisoma sababu hesabu ilikuwa sahihi. Mtu akiona hesabu ya mwenzake imewekwa wazi, mara moja anaanza kufanya ya kwake. Wale majirani wa mlangoni kwetu, nikikumbuka vizuri, hawakuwa wanacheka pale nilipolalamika. Walikuwa wanacheka pale nilipoandika kama kilo moja ya unga tuligawa kwa siku tatu na namna tuliigawa. Mmoja wao alisema: "Sisi tunafikishaka siku ine." Halafu akaeleza namna.

Lakini kitabu hiki kina kasoro pia, na mbili sipendi kuzificha.

Ya kwanza si ya Carolina. Dantas alikata kurasa nyingi za zile kaye, akieleza kama zinajirudia. Makosa ya maandishi aliyaacha vilevile. Angalia hesabu hiyo: marudio yanatolewa, makosa yanabakia. Ni yeye aliyemfungulia mama mlango, hilo sitalisahau, na bila yeye zile kaye zingeoza na takataka nyingine. Lakini mimi nikishika kaye ya mvua ya mwaka mzima, halafu mtu anafuta siku zote za jua sababu zinafanana, ile inayobakia haiko tena kaye ya mvua. Njaa ni kitu kinachojirudia. Kuamka, kuchota maji, kuokota, kuuza, kukosa, na kesho tena. Msomaji anapaswa kuchoka kidogo. Nilipofika katikati ya kitabu nilichoka kweli, hata kwa kile kilichobakia, na nafikiri uchovu huo ulikuwa sehemu ya ukweli wake. Na makosa ya maandishi yalimfanya msomaji wa mjini kutabasamu, kuona mama mnyonge anayejikaza. Wakati mama yule alikuwa anajiona mshairi. Alikataa hata kuolewa, akieleza kama mwanaume hatavumilia mwanamke anayelala na kalamu na karatasi chini ya mto.

Kasoro ya pili ni ya kwake. Carolina hana huruma na majirani. Anawaandika wanapigana, wanalewa, wanavuana nguo, na anawahukumu kutoka juu kama vile yeye haishi mule. Kusema "nitakutia mu kitabu changu" ilikuwa silaha, na aliitumia. Siku ya kuhama kutoka Canindé, majirani walimtupia mawe. Watu wengi wanasimulia mawe yale kama wivu tu. Mimi siamini. Hebu jiweke mu mahali pa mama wa kibanda cha pembeni: fujo yako ya siku ya Jumamosi inasomwa sasa mu nchi usizozijua, na mwenye kuandika anahamia nyumba ya matofali. Wewe unabakia na robine ileile. Hata mimi wa uchumi alininunia wiki mbili juu ya mistari minne niliyoandika kuhusu zamu yake ya kupika. Alikuwa na haki. Nilitafuta kuchekesha watu wa mlangoni.

Sasa tufike kwenye kile kilichoniuma zaidi. Mu 1961 Carolina alitoa kitabu cha pili, Casa de alvenaria, nyumba ya matofali. Ni kaye ileile, mkono uleule, macho yaleyale. Sasa anakula kila siku. Anaandika juu ya karamu, wanasiasa wanaotaka kupigwa picha naye, watu wanaogonga mlango kuomba feza, majirani wapya wasiomtaka. Ni kitabu chenye hasira nzuri sana, sababu sasa anawaandika wale waliokuwa wanamsoma. Na hakikununuliwa kama cha kwanza, hata karibu. Mu 1963 akatoa riwaya na mezali kwa feza yake mwenyewe. Watu hawakutaka. Hawakuwa wamemuomba riwaya. Walimuomba akae mu kibanda.

"Haina utamu. Ile ya njaa njo ilikuwa muzuri."

Mutaniambia kama hiyo ni Brazili, ni zamani. Nitawaambia basi kile nilichofanya Kabare. Shirika lililoniajiri, sitalitaja, lilitaka kila robo ya mwaka tuandike kile wanaita hadithi ya mafanikio. Karatasi moja na picha. Mpango wake unajulikana na wenzangu wote waliopita mu kazi hizo: kwanza mama alikuwa na njaa, watoto hawasomi, kisha mradi ukafika, sasa anavuna, anatabasamu. Nilichagua yule mama niliyekwisha kumtaja, aliyekataa mbegu zetu msimu wa kwanza. Alikuwa na sababu. Alisema maharagi yale yanazaa sana, ndiyo, lakini yanakaa muda mrefu kwenye moto, na kuni anabeba yeye mgongoni, habebi mradi. Na fito: kwa kila shamba la maharagi ya kukwea unahitaji fito maelfu, na vilima vya kwetu vimeshabakia bila miti. Msimu wa pili alichukua mbegu kidogo, akazipanda karibu na nyumba, akatumia mabua ya mtama na miti ya uzio. Alivuna vizuri mahali padogo pale. Kwangu hiyo ndiyo ilikuwa habari. Mama amefikiri kuliko sisi.

Niliandika yote. Karatasi ikarudi na mistari myekundu. Kuni zimefutwa. Fito zimefutwa. Kukataa kwake kumefutwa. Pembeni wameandika: elezea zaidi hali ya njaa kabla ya mradi. Na mimi, bandugu, nilielezea. Sikumuuliza. Nilichukua njaa ya kaye yangu ya bluu, ile ya siku mbili, nikamvika mama yule. Ikapita. Nikasifiwa hata kwa barua. Picha yake iko sijui mu ofisi gani, na chini yake kuna njaa ya kijana wa Kadutu.

Nikikumbuka Dantas na mkasi wake, mdomo wangu unakuwa mwepesi wa kusema. Lakini yeye alikata tu. Mimi niliongeza.

Ndiyo sababu kitabu hiki ninakipeleka kwenu, wenzangu wa lisansi, na hasa kwenu mutakaoingia mu kazi za miradi. Tunasukumwa kila mahali kueleza maisha yetu: mu barua ya kuomba bursi, mu ushuhuda wa kanisani, mu karatasi ya mfadhili. Na kila mara kuna mtu anayetuonyesha, kwa upole, sehemu gani yenye utamu. Someni Carolina, lakini musisome kile cha kwanza peke yake. Kile cha pili ni kigumu kupata. Ukikipata, kisome na uliza ni mahali gani wewe mwenyewe umeanza kuchoka. Mimi nilichoka pale alipokuwa anaeleza samani. Nikajishika: kumbe na mimi ninamtaka arudi mtoni.

Miaka yake ya mwisho alikaa Parelheiros, nje kidogo ya São Paulo, kwenye kipande cha udongo, akalima. Alikufa mu 1977. Kaye za utoto wake zilitoka kwanza Ufaransa mu 1982, kwa jina Journal de Bitita, kabla ya kwao Brazili. Ningependa sana kusoma kaye ya Parelheiros, kama iko: mahindi alipanda mwezi gani, nini kilikula majani. Najua, haina utamu.

Mama yangu alinitembelea Bukavu mwaka uliopita. Wa sheria, ambaye hana haya, akachukua kaye ya bluu na kumsomea ukurasa ambao nisingemsomea hata siku moja: namna aliuza kitenge chake cha harusi na mbuzi wawili ili kulipa minervali yangu ya mwaka wa mwisho. Nilikuwa nimeandika mambo mengi pale, juu ya machozi yake, juu ya ukubwa wa moyo wa mama. Nilitaka ardhi inimeze. Mama alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya magoti. Akanyamaza kidogo.

"Mbuzi haikuwa dola makumi ine," akasema. "Ilikuwa makumi tatu na tano, na ile moja iliyochechemea makumi tatu. Na sikulia. Ilikuwa mvua."

Akaomba kalamu. Hajui kuandika sana. Akanipa mimi, akasubiri mpaka nimesahihisha.